Saluti ya Mkono wa Kushoto

Garissa,
Novemba 1967

Bishar,

Ni miezi mitano sasa tangu tukuzike, na haya ndiyo maneno ya kwanza ninayokuambia. Siku ile kaburini wenzangu walikuombea dua. Mimi nilitia mchanga, nikanawa mikono, nikarudi ofisini kabla saa ya mapumziko haijaisha. Nilikuwa na hasira nawe ambayo sikujua niipeleke wapi. Bado ninayo. Lakini Jumatatu ninasafiri kwenda kueleza habari zako kwa mtu mwingine, na sioni haki azisikie yeye kabla yako.

Kwanza habari za huku. Redio imesema wakubwa wamekutana na kuafikiana, na vita vya shifta wa msituni vimekwisha. Watu wameipokea habari hiyo kama wanavyopokea wingu moja wakati wa kiangazi: wanatazama juu, kisha wanaendelea na shughuli zao. Magari ya Ijara bado yanakwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma. Kijiji walichowekwa wazazi wako, hapa kando ya mji, bado kimezungushiwa ua wa miiba, na wanaotoka bado wanaonyesha kibali langoni. Baba yako hasemi. Si kwamba anaumwa, amenyamaza tu. Mama yako ndiye anayemsemea.

Kikundi chetu hakipo tena. Hakuna aliyekivunja. Ilifika siku tukaacha kuulizana mchezo ujao ni lini. Sanduku la mavazi liko chini ya meza yangu ofisini. Ndani mna kanga ya Mutua, zile ndevu za pamba, fimbo ya mzee wa mji na miwani isiyo na vioo. Sare tatu za polisi hazimo. Zilikwenda wapi, unajua wewe.

Unanijua ni mtu wa daftari. Ulikuwa ukinicheka kwamba siku ya Kiyama nitamsaidia malaika kupanga kurasa. Basi leo nimezitoa daftari zote za tangu tulipoanza, nikazipanga kwa miaka, ili nisikusingizie.

Mwaka 1963 tulikuwa watu saba, lakini kusema kweli watu walikuja kuwatazama wawili tu. Mutua akiegesha lori uwanjani na kulaza mbao za ubavuni, hilo ndilo lililokuwa jukwaa letu. Mimi nilikaa nyuma ya turubai na karatasi zangu, nikiwatilia maneno mnaposahau. Wewe hukuwa unasahau. Ulikuwa unaacha makusudi. Ulikuwa Sajenti, askari mwoga anayejifanya simba. Mutua, Mkamba mwenye kifua kama pipa na masharubu aliyokataa katakata kunyoa, alikuwa mke wako, kwa kuwa hakuna mwanamke wa mji huu ambaye angepanda juu ya lori kutazamwa. Alijifunga kanga, akatembea kwa madaha, na wewe ukawageukia wazee waliokaa mbele ukawaambia kwa Kisomali, kisha kwa Kiswahili ili na askari wa kambini waelewe: "Warya, jamani, nimeozwa mke usiku, asubuhi naona ana masharubu!"

Mutua hakuacha kuwa mkeo hata chini ya lori. Kwenye hoteli ya chai alikuwa akiita kwa sauti mpaka wageni wanageuka: "Mume wangu, leo ndizi ama mkate?" Nawe: "Nyamaza mwanamke, ongea kama uliyefunzwa na mama yako." Tulizoea hivyo. Nimeona katika daftari kwamba kwa mwaka mzima nilikuwa ninaandika "Sajenti na mkewe wamechelewa mazoezini", bila kutaja majina yenu.

Na hii hapa, ya Ijara, Februari 1964: "Watu wengi. Upepo. Bishar alikuwa ameshika kibuyu cha maziwa mkono wa kulia, Bwana Mkubwa wa mchezoni akaingia mapema, Bishar akampigia saluti kwa mkono wa kushoto. Wazee wamecheka mpaka mmoja amepaliwa, wakamtoa pembeni kumpiga mgongo. Tumekubaliana ibaki."

Mimi ni mtu wa kando ya mto, si Msomali, lakini hata kwetu mkono wa kushoto haumpi mtu chakula wala salamu. Kwenu ni zaidi. Askari anayempa mkubwa wa serikali heshima zake zote kwa mkono anaotawazia! Hawakuhitaji kufasiriwa. Tangu siku hiyo kila tulipofika, kabla Mutua hajazima injini, wanawake walikuwa wameshainua mikono ya kushoto wakikusalimu. Watu wa Sangailu walikupigia hivyo kutoka kisimani. Ulisema tutaipeleka saluti hiyo mpaka Takaba, hadi mpaka wa nchi wenyewe uishe. Nami niliandika hilo pia.

Sasa nifike mahali ambapo kosa ni langu.

Mwaka jana, 1966, mkubwa wa idara yetu ya habari aliniita akanipa karatasi yenye mambo ya kuwaambia watu. Wahamie vijijini. Huko watapata maji, watapata dawa, shule itajengwa, na mifugo yao italindwa. Sikuwa na sababu ya kumshuku. Nilikuwa nimesoma, na karatasi ilikuwa na muhuri. Nikaandika mchezo kwa siku tatu, na nadhani ndio mchezo wangu mzuri kuliko yote, Mungu anisamehe. Sajenti anastaafu, mkewe anamsumbua, wanahamia kijijini, na ng'ombe wao aliyekuwa mifupa anazaa ndama wawili.

Ulipousoma uliniuliza swali moja tu: "Karani, haya ni kweli?"

Nikakujibu, "Yameandikwa."

Tulipoucheza Sangailu, baba yako alikuwa amekaa mstari wa mbele. Watu wa mijini wanatazama mchezo wakijua ni mchezo. Watu wako hawatazami hivyo. Walikujua, walimjua babu yako, na mtu anayejulikana akisimama mbele ya mashahidi akasema neno, amelisema. Baba yako aliinuka katikati ya onyesho akauliza, "Sajenti, hayo maji yapo?" Swali hilo halikuwamo katika karatasi zangu. Sikuwa na la kukutilia. Nakumbuka ulitazama upande wa turubai, mahali nilipo. Nikatikisa kichwa kukubali. Ukamgeukia ukasema, "Yapo."

Mzee akaondoka kabla mchezo haujaisha, akaenda kukusanya ngamia.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Maji yalikuwa ya bomba moja lililotoa tope. Malisho yaliisha karibu na ua ndani ya wiki chache, na aliyepeleka mnyama mbali zaidi ya alama alihesabiwa kuwa adui. Ngamia wa baba yako waliokwenda kutafuta majani hawakurudi. Waliobaki walifia ndani ya miiba huku mzee akiwatazama. Ulikuja ofisini asubuhi, hukukaa. Ulisema polepole, bila ukali, na ndiyo sababu sikuelewa kwamba ulikuwa unaniaga:

"Wewe uliandika, Karani. Mimi nilisema. Lakini uso wanaoukumbuka ni wangu."

Nilikuambia nitampelekea mkubwa barua. Niliipeleka. Nakala ninayo. Hakunijibu, na nilipomfuata aliniuliza kama nimechoka na kazi. Kwa hiyo usidhani ni wewe tu uliyetumiwa kama kipaza sauti. Lakini mimi nilitumiwa nikiwa nimekaa kitini, na wewe ukiwa umesimama mbele ya baba yako. Najua tofauti yake. Nimekuwa na muda wa kuijua.

Siku tatu baadaye ulinijia ukitabasamu. Ukasema sare zina vishimo, unataka kuzishona kabla ya safari, nikupe ufunguo. Kila kilichotoka katika sanduku lile nilikiandika: nani, lini, kwa nini. Siku hiyo sikuandika. Niliona haya kukuwekea kalamu mbele, baada ya yale yaliyompata baba yako. Nilitaka uone kwamba bado ninakuamini. Nikakupa ufunguo kama mtu anayetoa pole.

Uliurudisha jioni ile ile. Ulikuwa umefunga sanduku vizuri. Kesho yake hukuonekana, wala keshokutwa. Nilipofungua nikakuta sare zote tatu zimetoka, na bunduki mbili za mbao ambazo Mutua alizichonga.

Hapo nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya katika maisha yangu ya ofisi. Niliandika katika kitabu cha vifaa: "Sare tatu zimeliwa na mchwa, zimechomwa." Nilijiambia umekimbilia Kismayu na utaziuza njiani. Nilijiambia mambo mengi. Mutua aliponiuliza uko wapi, nilimwambia umekwenda kutazama ngamia wa mjomba wako. Akasema, "Akirudi mwambie mkewe amefukuza wachumba wawili." Ndiyo maneno ya mwisho ya mchezo niliyoyasikia kinywani mwake.

Nimeacha kalamu nikaenda kuswali alasiri. Nimerudi. Sehemu hii nitaiandika upesi.

Mutua alikuwa na sheria moja: nje ya mji hasimami. Madereva wote waliijua kwake, na wapya aliwafundisha yeye. Mtu akilala barabarani, mzunguke. Akiwa na sare, na mahali si pa kizuizi tunachokijua, kanyaga. Siku ile ya Novemba mwaka jana alikuwa anapeleka unga na sukari Ijara. Gurudumu lilipasuka, msafara ukatangulia, lori lake likabaki nyuma peke yake. Pembeni yake alikuwa Bi Khadija, muuza samli, unayemjua. Alikuwa haachi hata onyesho moja, na alikuwa anakaa mbele kwa sababu alidai macho yake ni mabovu. Yeye ndiye aliyenisimulia. Nimeyaandika kama alivyoyasema.

"Askari watatu njiani, na gogo. Mutua akaniambia, 'Mama, hapa hakuna kizuizi. Shika mtungi wako, napita.' Akaongeza mwendo. Mimi nimefumba macho. Kisha nikahisi gari linapungua. Nikafumbua. Mmoja amepanda juu ya gogo amepiga saluti, mkono wa kushoto. Mutua anacheka, Karani, anacheka kama mtu aliyemwona ndugu yake. Akasema, 'Aa! Mume wangu huyo! Kumbe wamemwajiri kweli!' Akafungua mlango akashuka, mikono ameitandaza hivi."

Wengine walitokea vichakani.

Bi Khadija anasema ulipiga kelele kwa Kisomali, "Huyu mwacheni!" Nilimuuliza ulisema kabla ya bunduki kulia au baada. Akasema, "Baada. Au pamoja. Masikio yangu yalikuwa yamejaa." Nimemuuliza swali hilo mara nne kwa miezi tofauti, na mara ya nne aliniambia, "Karani, niache nizeeke."

Walichukua sukari. Yeye wakamwambia akae chini ya mti mpaka jua lipoe. Alipofika mjini aliwaambia askari kwamba watu walivaa kama polisi, basi. Hakuwaambia habari ya mkono. Mimi aliniambia. "Nimekwambia wewe," alisema, "maana sanduku ni lako."

Mwaka mzima nimekutafutia udhuru, Bishar. Nimejiambia ulipiga saluti ile ili ajue ni wewe, asiogope, mchukue sukari aende zake. Inawezekana. Ulikuwa mtu wa huruma. Nimekuona ukilia kwa ajili ya punda. Lakini kila nikifika hapo nakutana na jambo lile lile. Ungepiga saluti ya kulia, angepita. Hangesimama kwa askari. Hangesimama kwa gogo. Lori lake lilishavunja magogo mazito kuliko hilo. Alisimama kwa ajili yako tu. Kitu pekee duniani ambacho kingemsimamisha Mutua tulikitengeneza sisi watatu, kwa bahati, kwenye upepo wa Ijara, tukakubaliana kibaki. Hukuchukua nguo tu katika sanduku langu.

Kama ungeniua mimi ningekuelewa. Maneno yalikuwa yangu. Mutua aliandika nini? Mutua alijifunga kanga.

Na kufa kwake hakukuwa mwisho. Kwenye yadi ya magari madereva walikaa wakahesabu kwa vidole: sheria ni yake, aliwafundisha wote, halafu mwenyewe amesimama. Tena ameshuka. Tena kwa kucheka, maana askari walipomrudia Bi Khadija kwa maswali, hilo la kucheka lilimtoka. Basi wakafikia mwisho ambao mtu yeyote asiyejua angeufikia: Mutua alikuwa na makubaliano na shifta, akiwapelekea sukari, na siku hiyo wakamgeuka. Neno hilo lilivuka daraja kwa lori la kwanza. Kwao Mwingi lilifika kabla ya maiti.

Mkewe wa kweli, Kalekye, ameniandikia mara mbili. Barua ya kwanza ilisema: "Shemeji, kanisani wananiachia benchi zima. Sitaki pole. Nataka kujua jambo moja, kwa nini alisimama?" Nilimjibu kurasa mbili za pole. Barua ya pili ilikuwa fupi: "Shemeji, sikuuliza hayo." Sikujibu. Ya tatu haikuja.

Kumwambia kwa nini alisimama ni kumwambia nani alimsimamisha. Na jina lako lingetajwa Mwingi, juma moja baadaye lingekuwa hapa, na mama yako yuko ndani ya ua wa miiba, mahali ambapo mzazi wa shifta hahitaji kutafutwa. Nilijiambia ninanyamaza kwa ajili yake. Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli pia kwamba kuna mstari wa mchwa katika kitabu changu.

Kisha mwezi wa Juni askari wakakuleta ukiwa maiti.

Wakakulaza uwanjani, pale pale tulipokuwa tunaegesha lori, saa za adhuhuri, watu wote wa mji na wa kijijini waitwe watazame. Hukuwa na sare. Ulikuwa na shuka, na ndevu ambazo hukuwa nazo. Lakini uso ni ule. Mji mzima ulikuwa umeucheka uso huo kwa miaka mitatu. Hata watoto wangekujua kwa nyusi tu. Afisa akauliza, "Nani anamjua mtu huyu?"

Akaanza na wa karibu. Mwenye hoteli ya chai, ambaye ulikuwa ukimdai chai ya bure kwa cheo cha Sajenti, akasema hamjui. Mchinjaji hamjui. Bi Khadija akasema macho yake ni mabovu. Afisa akanifikia. "Karani, wewe unajua watu. Huyu nani?" Mama yako alikuwa amesimama kushoto kwangu, hatua mbili. Nikasema, "Simjui." Akamwuliza yeye. Akakutazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akachukua muda wake, akasema, "Mimi hapana jua huyu."

Hakutikisika. Nimefanya kazi na waigizaji tangu shule, sijaona aliyefanya hivyo.

Siku ile nilimchukia kila mtu pale uwanjani kwa ajili yako, na nikakuchukia wewe kwa kunilazimisha kuwa mmoja wao. Wazee waliomba wakabidhiwe mwili wako, kwa kuwa ni maiti ya Mwislamu asiye na wenyewe. Kesho yake tulikuosha watu wanne. Imamu alipofika pa kutaja jina la maiti na la mama yake, alisimama kidogo, kisha akasema "mja wako huyu", akaendelea. Umezikwa hivyo.

Hizo ndizo habari mpaka mwezi uliopita, redio iliposema ilivyosema. Nikangoja wiki mbili nione kama ni kweli. Wanaume kadhaa wakatoka msituni wakajisalimisha, wakaandikwa, wakarudishwa kwa mama zao. Ndipo nikaenda kijijini.

Mama yako aliniwekea mkeka. "Karani, keti. Wewe bado mwembamba, hakuna mtu nabikia wewe?" Baba yako alikuwa ndani, tunamwona mgongo. Nikamweleza yote. Sare, mchwa, gogo, mkono. Sikujua alijua kiasi gani. Hakujua lolote la jinsi Mutua alivyokufa. Alimpenda Mutua, alikuwa akimwita "mke wa mwanangu" na kumpelekea maziwa ya ngamia, na Mutua akiyanywa kwa kuziba pua kisha anasema tamu. Nilipofika kwenye maneno "Huyu mwacheni", alishika mkono wangu.

"Kabla ama baada?"

"Sijui, mama. Aliyekuwapo hajui."

Akauachia mkono wangu. Kisha akasema, "Basi wewe useme hujui. Usimfanye mzuri. Usimfanye shetani."

Nikamwambia nimekuja kumwomba ruhusa tu. Nitakwenda Mwingi peke yangu, nitaongea na Kalekye faraghani. Akanitazama kama nilivyokuwa nikimtazama mtu aliyekuja mazoezini bila kusoma karatasi yake. "Beke yako? Wewe ni mama yake? Wewe utasema Kiswahili. Mimi nitakaa bale, yule mwanamke anione. Kama anataka kutukana, atukane mtu."

Nilimweleza hatari. Nikamwambia amani hii ni changa, karatasi zote za kituo cha polisi hazijachomwa, kuna watu wanaokumbuka. Akasema, "Fita imeisha, redio imesema." Nikamwambia redio ilisema pia kuna maji. Hapo ndipo baba yako, ndani, alipotoa sauti. Sikusikia alisema nini. Mama yako akainuka akavaa viatu. "Anasema tusichelewe," akaniambia.

Mtu wa kijijini hatoki bila kibali, kwa hiyo jana asubuhi nilimpeleka ofisi ya vibali. Afisa alikuwa mgeni, kijana wa kutoka bara, mwenye mwandiko mzuri. Nilikuwa nimeandaa jibu: mama huyu anakwenda hospitali, mimi ni msindikizaji. Afisa akauliza sababu ya safari. Kabla sijafungua kinywa, mama yako akasema, "Msiba."

"Msiba wa nani, mama? Una jamaa Mwingi?"

"Mume wa mwanamke moja. Alikuwa rafiki ya mtoto yangu."

"Mtoto wako anaitwa nani?"

Nilimgusa kiwiko. Akaondoa kiwiko chake. Akataja jina lako, la baba yako na la babu yako, yote matatu, polepole, kama anamwandikisha mtoto shule. Nyuma yetu kulikuwa na foleni. Mchinjaji alikuwamo. Mwenye hoteli alikuwamo. Afisa akaomba arudie jina la kati, akarudia, akaliandika.

"Yuko wapi sasa?"

"Hapa," akasema, "amezikwa. Mimi mama yake."

Kijana yule alisoma tena alichoandika. Sijui alifikiri nini. Kisha akapiga muhuri, akatupa kibali cha siku nne. Tulipogeuka, mchinjaji akatupisha, akamwambia mama yako maneno ambayo watu humwambia aliyefiwa, ambayo alikuwa hajaambiwa na mtu yeyote tangu Juni. Alimwitikia. Nje akaketi chini ya ukuta, akajifunika uso kwa shashi yake ya kichwani, nami nikasimama mbele yake ili watu wasimwone.

Nilirudi ofisini nikafungua kitabu cha vifaa. Nimeukata mstari wa mchwa kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni ni nani aliyechukua ufunguo na ni nani aliyempa. Nimetia sahihi. Mkubwa akiona, ataona.

Sijakusamehe, Bishar. Nasema hivi ili usije ukadhani safari hii ni ya kukusamehe. Sijui kama nitaweza, na Mutua hayupo wa kumwuliza kama ninaruhusiwa. Lakini ninakuahidi haya. Kalekye atajua kwa nini mumewe alisimama, na watu waliomwachia benchi kanisani watajua, maana nitaomba kusema mbele yao. Nitasema mchezo niliuandika mimi. Nitasema baba yako aliuliza, na mimi nikatikisa kichwa kukubali. Nitasema ulipiga saluti, na kwamba ulipiga kelele, na kwamba sijui ni kipi kilitangulia kati ya sauti yako na risasi. Sitakutilia neno.

Lala, Bishar. Jumatatu alfajiri tunavuka daraja, mama yako kiti cha mbele. Kalekye akiniuliza mtu huyo alikuwa nani kwangu, nitamwambia ninamjua, alikuwa rafiki yangu.

Karani